ASILI YA MANENO: STIMA

Juma hili tutalitazama neno ambalo wengi wetu hulitamka kila jioni giza liingiapo, nalo ni stima. Katika Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, taa zikizimika kwa ghafula utawasikia watu wakisema, "Stima imepotea." Wakikuyu nao wamelitengeneza kwa ulimi wao likawa thitima. Lakini asili ya neno hili si taa wala mwanga. Limetoka katika neno la Kiingereza steam, na maana yake ni mvuke, ule utokao katika sufuria ya maji yachemkayo.

Kabla ya kuingia nyumbani mwetu neno hili lilipitia baharini. Waingereza walipoanza kuendesha vyombo kwa mvuke badala ya matanga, waliviita steamer, na watu wa pwani wakasema stima. (Neno meli nalo lina asili kama hiyo: latokana na mail, yaani barua, kwa kuwa vyombo hivyo vilichukua mifuko ya posta. Basi mtu wa Mombasa alikuwa na majina mawili ya chombo kimoja, moja kwa ajili ya moshi wake na la pili kwa ajili ya mzigo wake.)

Je, jina la chombo cha baharini liliwezaje kuingia katika taa? Jibu liko katika mitambo. Mwaka 1882 kampuni ya Edison ilifungua kituo cha umeme katika mtaa wa Holborn, London, na mashine zake zilizungushwa kwa mvuke wa makaa ya mawe. Mwaka 1884 Mwingereza Charles Parsons alibuni mashine ya mvuke yenye mapanga yazungukayo, na hadi leo sehemu kubwa ya umeme wa dunia hutokana na mitambo ya namna hiyo. Kwa fikira zangu, mtu aliyeona mashine ikinguruma na taa ikiwaka hakuwa na sababu ya kutenga hiki na kile. Aliita yote stima, nguvu pamoja na mwanga wake.

Ajabu ni kwamba katika sehemu zetu mwanga huo ulitoka majini. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa mwaka 1922, na mwaka 1925 mtambo wa Ndula ulianza kazi katika mto Thika. Mwaka 1952 ukafuata ule wa Wanjii katika mto Maragua, na mwaka 1968 ule wa Kindaruma katika mto Tana, ambao hupokea maji ya Mlima Kenya na ya milima ya Nyandarua. Maji hayo hayachemki. Huko yanakoanzia ni baridi ya kuumiza meno. Hapakuwa na mvuke hata wa kikombe kimoja cha chai, na bado watu walisema stima. Neno lilikuja kupata haki yake mwaka 1981, mvuke utokao chini ya ardhi ulipoanza kuzungusha mitambo kule Olkaria, karibu na Naivasha.

Sasa wako walimu na makarani wenzangu ambao wakiliona neno stima katika barua hulikata kwa kalamu nyekundu na kuandika umeme. Umeme ni neno zuri, nami silikatai. Ndilo litumiwalo Tanzania, na hata Uganda, ambako watu wengi hawasemi Kiswahili, kampuni iliyogawa nguvu hizo tangu mwaka 2005 hadi 2025 iliitwa Umeme. Lakini maana yake ya kwanza ni mwako wa radi, na hapo ndipo penye hatari.

Siku moja mzee mmoja mkulima alifika mezani kwangu na tangazo mkononi. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili safi kwamba watu wasiguse nyaya za umeme zilizoanguka. Waya mmoja ulikuwa umelala juu ya mikahawa yake tangu usiku wa upepo. Akaniuliza, "Mwanangu, mvua imekwisha na mbingu ni nyeupe. Huo umeme utatoka wapi? Nataka kuuondoa nipate kuchuma kahawa yangu." Nikamwambia, "Mzee, huo ni waya wa stima." Akanyamaza kidogo, kisha akaomba simu ampigie mwanawe awazuie watoto wasiende shambani.

Wenye kalamu nyekundu husema kwamba stima ni neno la kuazima na maana yake imepotoka. Basi na tulitazame lile la Waingereza wenyewe, electricity. Limetoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka kama jiwe la manjano, ambao ukisuguliwa huvuta vijiti na manyoya. Waarabu nao huuita umeme kahraba, na neno hilo walilichukua kwa Waajemi, ambao kwao maana yake ni mwizi wa makapi! Ndilo hilo hilo kaharabu la Kiswahili. Wala hakuna Mwingereza akatazwaye kusema electricity kwa sababu hakuna kaharabu ndani ya waya.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu waandikao matangazo ya vijijini waweke maneno yote mawili, "umeme, yaani stima," na katika tangazo la hatari stima itangulie. Katika ofisi yetu mwenzangu mmoja bado hakubali, asema tutawaharibu wanafunzi. Wasomaji wa Meru na Embu na watuandikie jinsi wazee wao waitavyo nguvu hizi, na kama huko nako tangazo la namna hiyo limepata kumdanganya mtu.