Kidonda cha Kinywa: Serikali au Binafsi?



Saratani ya kinywa inapoingia nyumbani, swali la kwanza la ndugu ni hili: "Tumpeleke hospitali ya serikali au ya binafsi?" Sisi wauguzi huulizwa hivyo hata nje ya mlango wa kanisa. Mwezi huu tujibu.

Wagonjwa waliotibiwa hospitali za binafsi hutuambia kwamba walipokewa vizuri, wakasikilizwa, wala hawakuamkia foleni. Kilio chao ni gharama. Wa hospitali za serikali hulalamikia foleni, faili kutoonekana, na kuambiwa "njoo wiki ijayo". Hata hivyo, wengi wao husifu mabingwa waliowahudumia.

Lakini mama, kuridhika na mapokezi si sawa na kupata tiba. Mgonjwa anaweza kupewa kiti kizuri, maneno matamu na dawa ya kusukutua, akarudi nyumbani ameridhika, kumbe kidonda kinazidi kula. Tuulize kwanza: je, wamekata kipande kidogo cha kidonda wakakipeleka maabara? Bila kipimo hicho, hakuna awezaye kusema kwa hakika kuwa ni saratani au siyo.

Jambo la pili ni mashine. Saratani hii mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji, kwa mionzi, au kwa vyote viwili. Kwa kawaida mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6 au 7. Hapa Tanzania hospitali nyingi za binafsi hazina mashine hiyo. Wagonjwa wengi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo ni ya umma. Bugando, Mwanza, hospitali ya kanisa inayoshirikiana na serikali, nayo hutoa mionzi. Basi aliyeanzia hospitali ya binafsi huweza kujikuta kwenye foleni ile ile aliyoikimbia, ila sasa shamba limekwisha kuuzwa.

Kabla ya kuchagua, ulizeni haya:

1. Kipande kitakatwa lini, na majibu yatatoka lini?
2. Mionzi ikihitajika, mtatutibu hapa au mtatupa rufaa?
3. Gharama yote ni kiasi gani, na bima italipa nini?
4. Meno yataangaliwa kabla ya mionzi? Meno mabovu yang'olewe mapema, maana taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida.
5. Mgonjwa akishindwa kumeza, tumwone nani?

Popote watakapojibu maswali haya waziwazi, hapo mgonjwa wenu atapata amani, hata kama benchi ni gumu. Mkihama hospitali, ombeni nakala ya majibu ya maabara, msije mkaanza upya na kupoteza wiki nyingine. Foleni huchosha, lakini kuchelewa huua.

Msingoje maumivu. Kidonda kisichopona kwa wiki 2, baka jeupe au jekundu, au uvimbe mdomoni, vyote vinahitaji daktari, hasa kwa mtu anayevuta sigara, anayekunywa pombe, anayetumia ugoro au kutafuna tambuu kwa popoo. Kesho asubuhi, baba watoto akimaliza kupiga mswaki, mwambie asimame penye mwanga, afungue kinywa, ainue na ulimi. Kisha naye akuangalie wewe.