Wanasema "rezo hakuna": basi watuonyeshe tabulo ya njia

Ndugu watumikaji, na nyinyi wamama munaongoja nyumbani,

Mwezi uliopita, siku ya mushahara, mama mumoja wa kartie yetu alisimama ku kabini tangu saa moja ya asubui mpaka saa kumi. Bwana yake alikuwa shimoni. Mesaje ya benki ilisema franga zimetumwa, lakini ku telefone hakuna kitu. Mwenye kabini alijibu kila mara neno moja: "Mama, rezo hakuna." Mutoto wake wa segondere alirudishwa nyumbani siku ile juu ya minervali.

Sisi wa sendika tuliuliza. Asubui kompani ya telefone ilisema ni kabli ya bahari. Muchana ilisema ni umeme. Magaribi ilisema ni benki, na benki ikasema ni kompani ya telefone. Sitaji majina, wanajijua. Kisha kijana mumoja fundi wa rezo, mutoto wa mwenzetu wa kazi, akaniambia: "Baba, si kabli, si umeme. Usiku walikuwa wanatengeneza, wakaondoa njia moja mu ruteri, hawakuirudisha. Tabulo ilionyesha vile tangu saa nane ya usiku. Hakuna mutu alikuwa anaiangalia."

Neno hili la tabulo lilinishika. Nikamuomba anifundishe, na leo ninawapa nyinyi yale niliyosikia.

Wale wanaotumika mu karyeri wanajua dispachi. Kamiyo ikifika ku njia panda, dereva hachagui mwenyewe. Kuko tabulo inayosema: jiwe hili liende ku konkasere, udongo ule utupwe ku remble. Ruteri ni ile njia panda. Kila kitu munachotuma ku telefone, ikuwe picha ao franga, kinakatwa vipande vidogo, na kila kipande kinabeba adrese ya kule kinakoenda. Ruteri haijui safari nzima. Inaangalia tu mu tabulo yake: adrese hii, nimupe jirani gani? Inamupa, na jirani anafanya vilevile ku tabulo yake.

Tabulo hiyo haiandikwe na mutu mumoja. Kompani za rezo zinaambiana kati yao: "Adrese hizi ziko kwangu, pitisheni kwangu." Ruteri kubwa za mipaka zinabeba leo zaidi ya mistari 900,000, dunia nzima. Mwezi wa 8 mwaka wa 2014 mistari ilipita 512,000, na ruteri nyingi za zamani zilishindwa kubeba, kwani nafasi yao iliishia pale. Sawa na benne yenye kujazwa kupita kipimo.

Tena zinaaminiana sana. Mwezi wa 2 mwaka wa 2008, serikali ya Pakistan iliamuru YouTube ifungwe kwao. Kompani yao kubwa ya telefone iliandika njia ya uongo kwa ajili ya ndani ya inchi, lakini njia ile ikatoka inje. Mu ruteri, mustari wenye kutaja adrese kwa karibu zaidi ndio unashinda. Ule wa Pakistan ulikuwa wa karibu zaidi, kwa hiyo YouTube ilipotea kwa watu wengi wa dunia karibu saa mbili. Na munakumbuka tarehe 4 mwezi wa 10 mwaka wa 2021, WhatsApp ilipokufa karibu saa sita? Kwetu watu waligombana na wauza mega, wakisema wamewaiba. Kumbe ku Facebook wenyewe, amri moja ya matengenezo ilikata rezo yao ya ndani, na njia za kufikia adrese zao zikatoka mu tabulo za dunia. Mafundi wa inchi zote waliliona lile saa ileile, kila mutu akiwa mu biro yake.

Waliliona namna gani? Hapa ndipo ninapotaka mushike vizuri. Fundi anaingia mu ruteri, anaandika amri fupi, na ruteri inamujibu: jirani gani ni muzima, tangu saa ngapi, na ameleta njia ngapi. Kama jirani aliyeleta njia 900,000 jana analeta leo sifuri, hauhitaji profesa. Na kuko mashini za kuandika kila badiliko la tabulo, dakika kwa dakika, na kupiga kengele. Ku Université ya Oregon, Marekani, na ku RIPE kule Ulaya, wanakusanya tabulo za kompani nyingi tangu miaka ya 1990, na mutu yeyote anaweza kuzisoma bila kulipa. Kwa hiyo ile ya Pakistan iko imeandikwa mpaka leo, saa na dakika.

Basi kompani ikituambia "hiyo ni siri ya usalama", tukatae. Njia ambazo imetangaza kwa dunia yote haziwezi kuwa siri kwa mutumikaji wa Kolwezi. Hatuombe mafungulo ya ruteri. Hata shimoni hatuombe funguo ya depo ya baruti, tunaomba tu kuona kama vantilatere inazunguka.

Nitasema na haki ya upande wao. Kabli ya bahari inakatika kweli. WACS, yenye kufika Muanda tangu 2013, ilikatwa mwezi wa 8 mwaka wa 2023 na udongo ulioporomoka chini ya maji mu bonde la muto Kongo, na meli ilitumika wiki nyingi kuitengeneza. Lakini sisi wa Katanga tuko pia na fibre yenye kutoka Zambia na kupita Kasumbalesa. Kompani yenye njia mbili mu tabulo, moja ikianguka, ruteri inashika ya pili bila kungoja mutu. Kompani yenye njia moja inatupa maneno. Tena Lubumbashi kuko LUBIX, mahali kompani zinaweza kupashana mizigo papa hapa. Yenye kukataa kuungana nayo inaweza kuzungusha mesaje ya Likasi kwenda Kolwezi mpaka Ulaya, na sisi ndio tunalipa safari.

Na tabulo peke yake haitoshe. Njia inaweza kuandikwa mu tabulo, lakini fibre imejaa, kitu hakipite. Vantilatere inazunguka, hewa haifike ku taye. Kwa hiyo wapime na mwendo pia.

Kwa mazungumuzo ya konvansio mwaka huu, sendika yetu inaweka mezani haya: muajiri mwenye kulipa ku telefone aonyeshe njia mbili kati ya benki na kompani ya telefone. Siku ya mushahara mutu aangalie tabulo usiku na muchana. Rezo ikikatika, tupewe karatasi ndani ya saa 24, yenye kuandika saa ya kukatika na sababu. Na ARPTC iombe karatasi hiyohiyo, maana kazi yake ni kuangalia kompani hizo, si kukusanya taksi tu.

Kungoja hayo, kila delege achukue kaye. Rezo ikikatika mushahara ukiwa njiani, aandike siku, saa, kompani, na kartie. Wamama wa ku kabini wamupe saa kamili. Tutaleta kaye zile ku biro ya sendika kila mwisho wa mwezi, na yule kijana amekubali kuzilinganisha na tabulo zenye kuonekana kwa watu wote. Ya kwanza, ya mwezi uliopita, tayari iko mezani kwangu.