MOTO WENYE MAJIRA
Msafiri atokaye Kampala kwenda Mbuga ya Taifa ya Bonde la Kidepo, iliyoanzishwa mwaka 1962 huko Karamoja, akiona nyasi zimeungua hudhani ni uharibifu. Sivyo daima. Kiangazi kinapoanza nyasi zingali na unyevu. Moto unaowashwa na askari wa mbuga hutambaa chini, na miti michanga husalimika. Kiangazi kikikolea, cheche moja huzaa moto mkali uuao miche na kuuacha udongo uchi. Mvua ya kwanza huuchukua udongo huo hadi mtoni. Basi askari apitaye huko, na baba asafiriye na jamaa yake, wasitupe kipande cha sigara njiani. Moto wenye majira huilinda mbuga. Usio na majira huiangamiza.