Paipu ya Breki Haitiwi Kiraka

Ndugu wanachama,

Mwezi uliopita nilitumwa na Kamati kwenda Kilosa, bara, kutazama lori la zamani tunalotaka kulinunua la kuchukulia karafuu zetu. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, linang'aa kama bibi arusi. Nikaomba tulijaribu mpaka Mikumi. Njiani, kwenye mteremko, dereva alikanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini. Alhamdulillahi, alirudisha gia, akavuta breki ya mkono, gari likasimama kando. Mbele yetu ilikuwa barabara kuu iendayo Zambia, ambayo hukata katikati ya Mbuga ya Mikumi, na humo tembo huvuka bila ya kumpigia mtu honi.

Fundi alilala chini ya gari akatuonyesha. Paipu ya chuma iendayo magurudumu ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu pale iliposhikwa na kibanio, ambapo tope hukaa. Na lori lile, kama magari mengi ya zamani, lina njia moja tu ya mafuta ya breki. Ikivuja mahali pamoja, magurudumu yote hukosa breki.

Muuzaji alisema tukate kipande kibovu, tuunge kwa mpira, naye atapunguza bei. Nilikataa, na baadhi ya wenzangu wa Kamati wameniona mpenda gharama. Basi nawajibu hapa. Mpira wa kuungia hauwezi nguvu ya mafuta yale mguu unapokanyaga. Tena, kutu iliyotoboa hapa imekwisha kula na pengine. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hata paipu ikaoza kwa ndani. Na kwetu kisiwani hewa ya chumvi huila kwa nje.

Rai yangu ni hii: tukilinunua, paipu zote zibadilishwe, ziwekwe za shaba iliyochanganywa na nikeli, ambazo hazishiki kutu kama chuma. Mafuta yawe mapya, na fundi azikague kabla ya kila msimu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauzibwi. Ukuta hujengwa upya. Wakati wa mavuno wachumaji wetu hupanda juu ya magunia, na hao ni watoto wetu na mama zetu. Tafadhalini, mkutanoni mpige kura mkiwakumbuka.

Wassalaam,
Katibu wenu