Kisu cha Mlangoni na Kisu cha Kabatini

Wapo waungwana wa mijini wasemao kwamba mtu aendaye makumbusho na kisu mfukoni ni ama mhalifu ama mshamba, na kwamba kwa vyovyote amestahili yaliyomfika: kisu kutwaliwa na kutupwa pipani, mwenyewe kuhojiwa mbele ya watoto wa shule waliopanga foleni. Kauli hii yarudiwa mno hata imepata sura ya busara. Si busara. Ni uvivu wa kufikiri uliovishwa sare ya mlinzi.

Na atazamwe huyo aitwaye mshamba. Achukuliwe mtu wa Milepa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Lyambalyamfipa. Kwake yeye kisu cha kukunja ni kama kalamu kwa karani. Kwacho hupara samaki, humenya muwa, hukata kamba ya gunia la mpunga, hutoa mwiba mguuni. Apande hadi Sumbawanga, akae ndani ya basi zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, kisha aambiwe mlangoni kwamba chombo chake ni silaha. Kilichobadilika hapo ni nini: kisu, au macho yanayokitazama?

Lenye kuchoma zaidi liko upande wa pili wa mlango huo. Makumbusho ya dunia huweka nini katika makabati yake ya vioo? Huweka visu, mashoka, majembe, mikuki na majambia, vyote vimepangwa kwa taadhima na kumulikwa taa. Na katika habari za chuma, Ufipa si mahali pa kupitwa kwa haraka. Wafipa waliyeyusha chuma kwa matanuru marefu yaitwayo malungu, yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu hadi kupita kimo cha mtu. Tanuru hilo halikuvukutwa. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, ukavutwa juu na joto la makaa. Kilichopatikana hakikuwa chuma safi bado. Kilipelekwa katika tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi na chuma kikatengwa na mavi yake, kabla ya kumfikia mhunzi. Wala haikuwa kazi ya mikono mitupu, kwani ilikuwa na dawa zake na miiko yake. Padri Robert Wyckaert aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1914, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezichimbua tena katika zama hizi. Chuma cha kutoka Ulaya kiliuzima moto huo katika karne ya 20, lakini baadhi ya malungu yangali yamesimama maporini.

Basi mtu wa nchi hiyo hualikwa kustaajabia kisu cha babu yake, kwa sharti la kuona chake kikitupwa.

Haisemwi hapa kwamba ukaguzi ni upuuzi. Afrika Mashariki haijaisahau tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Na hatari ya makali kwa kazi za sanaa si ngano: Machi 1914 Mary Richardson aliingia National Gallery ya London na shoka la nyama, akaupasuapasua mchoro wa Velázquez. Mlinzi ana kazi yake, na iheshimiwe. Lakini kulinda ni jambo moja na kudhalilisha ni jingine. Hata Waingereza, ambao sheria yao ya mwaka 1988 huwabana wabeba visu, humwacha mtu atembee barabarani na kisu kidogo cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3. Makumbusho yana haki ya kukikataa hata hicho. Hayana haki ya kumfanya mwenyewe mhalifu.

Na wezi je? Walioiba vito vya kifalme katika Louvre, mjini Paris, tarehe 19 Oktoba 2025, hawakupanga foleni ya ukaguzi. Walikuja na lori lenye ngazi ya kupandishia samani, wakapita dirishani, wakakata makabati kwa mashine na kutoweka kabla dakika 10 hazijatimia. Ama wakubwa wao, wale walikuja na majeshi. Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin yana vitu vipatavyo 10,000 vilivyotoka Tanzania, na miongoni mwavyo zimo silaha zilizotekwa katika Vita vya Majimaji. Hakuna aliyewapekua mifuko walipokuwa wakitoka.

Kinachodaiwa ni kidogo mno: kabati lenye kufuli, kibati chenye namba, na mlinzi aliyefundishwa kusema, “Shikamoo mzee, tuachie kisu chako hapa, utakichukua ukitoka.” Wasemao kwamba haya ni gharama waende wakaitazame milango ya misikiti ya pwani siku ya Ijumaa: mamia ya viatu huachwa pale bila mashine wala sare, na wenyewe, aghalabu, huvikuta. Na onyo la visu libandikwe nje, kwa Kiswahili, kabla ya dirisha la tiketi. Si ndani, mtu akiwa amekwisha kulipa.