Kikombe cha Altare na Jasho la Mkulima



Juma lililopita sikuwapo hapa Lagangabilili. Nilisafiri hadi Bihawana, misioni kongwe iliyo kando ya barabara ya Iringa, si mbali na Dodoma mjini. Wageni wengi huenda kule kusali kanisani, hupiga picha majengo ya wamisionari, kisha huondoka. Mimi nilivutwa na mashamba.

Ugogo ni nchi ya ukame. Kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Hata hivyo, ardhi ile huzaa zabibu. Dodoma ilipofanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1935, ilikabidhiwa kwa Wapasionisti kutoka Italia. Wamisionari walihitaji divai ya Misa, ambayo kwa sheria ya Kanisa sharti itokane na tunda la mzabibu na isiwe imeharibika. Basi wakapanda mizabibu Bihawana, na kilimo hicho kikaenea kwa wananchi.

Mkulima mmoja alinionyesha jinsi anavyopogoa. Ulaya mzabibu hupumzika wakati wa baridi kali. Dodoma hakuna majira hayo, hivyo ni mkasi wa mkulima unaouamsha mmea uchipue upya, naye huvuna mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba. Hapo nikauelewa upya mfano wa Bwana juu ya tawi linalosafishwa ili lizae zaidi.

Lakini zabibu hazisubiri. Pamba yetu yaweza kukaa ghalani. Zabibu zilizoiva huoza baada ya siku chache, na mkulima asiye na mnunuzi hulazimika kupokea bei yoyote.

Kwa maoni yangu, hija isiyokutana na mkulima ni nusu ya hija. Kila Misa tunamtolea Mungu divai, tukikiri kuwa ni tunda la mzabibu na la kazi ya wanadamu. Je, wanadamu hao wamelipwa haki yao? Yoshua bin Sira alikwisha kutuonya kwamba sadaka itokanayo na dhuluma haimpendezi Aliye Juu.

Nasi tusiishie kuwanyoshea vidole wanunuzi wa mbali. Hapa Itilima tunalalamikia bei ya pamba, na mara nyingi tuna haki. Lakini vijana waliotupalilia na akina mama waliotuchumia, je, tumewalipa kama tulivyopatana? Au bado tunawaambia, “Njoo kesho”?

Kabla ya kuleta sadaka Jumapili ijayo, kila mmoja alipe kwanza ujira anaodaiwa. Na parokia yetu ikijaliwa kwenda hija Bihawana, tukitoka kanisani tuingie shambani, tumshike mkono mkulima.