Shaba inapita Kasumbalesa, moshi unabaki

Makamyo yanayobeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi yanapanga mstari mrefu kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Mengine yanasubiri siku nyingi kabla ya kuingia Zambia na kuendelea hadi bandari za Dar es Salaam au Durban. Wakati huo wote mashine zinanguruma, makamyo yanasogea kidogo, yanasimama tena. Moshi wa mazutu unachanganyika na vumbi la barabara, na wakaaji wanauvuta toka asubuhi hadi usiku.

Huo si usumbufu tu. Tangu mwaka 2012, kituo cha utafiti wa kansa cha Shirika la Afya Duniani, OMS, kimeuweka moshi wa mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Chembe zake ndogo zinafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia katika damu. Ndiyo maana hewa chafu haileti kikohozi na pumu peke yake. Inaleta pia magonjwa ya moyo na kiharusi.

Lakini watu hawauvuti moshi huo kwa kipimo kimoja. Mwenye mzigo yuko mbali. Mnunuzi yuko ng'ambo. Mama anayeuza mayai na ndizi pembeni ya makamyo, mtoto mgongoni, hana dirisha la kufunga. Vivyo hivyo kijana wa mototaksi, na shofere anayelala ndani ya kamyo lake. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu anapumua haraka kuliko mtu mzima na mapafu yake yangali yanakua. Akiugua, ni mzazi anayetafuta pesa ya dawa.

Ajabu ni kwamba madini hayo yanatafutwa sana kwa ajili ya motokari za umeme, ili hewa ya miji ya Ulaya na Asia iwe safi. Usafi wa kule unaanzia katika moshi wa huku.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 imegawa ada ya madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo ambako mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mgawo huo unafuata shimo, haufuati barabara. Shaba ya Kolwezi inalipa Lualaba, kisha inavuka Haut-Katanga na kuwaachia wakaaji wa Kasumbalesa vumbi.

Hakuna anayeomba mpaka ufungwe. Biashara hiyo ndiyo inayolisha mji. Kinachotakiwa ni mambo ambayo viongozi wanaweza kuyafanya. Karatasi za mzigo zimalizwe kabla kamyo halijafika mpakani. Makamyo yasubiri kwenye viwanja vilivyo mbali na nyumba na shule, mashine zikiwa zimezimwa. Njia ya reli ya Sakania ipo tangu wakati wa ukoloni. Ikitengenezwa vizuri, kila treni itapunguza makamyo barabarani. Na sehemu ya pesa ya peaji itengwe kwa vituo vya afya vya mji na kwa vyombo vya kupima hewa, maana ugonjwa usiopimwa ni rahisi kukanwa.

Kuna pia mafuta yenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kiwango cha salfa katika mazutu kisizidi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015. Kongo iliingia katika jumuiya hiyo mwaka 2022. Kama tumeingia kwa ajili ya soko, tuingie pia kwa ajili ya mapafu ya watu wetu.

Gavana na wabunge wa jimbo wanaipita barabara hiyo wakiwa wamefunga vioo. Siku moja wavifungue.